Sura ya Sita: Kwenda Saa 15, Kurudi Saa 14

Karibu kila anayeshika tiketi ya Nairobi–New York kwa mara ya kwanza hujiuliza swali hili. Ratiba inasema kwenda ni takribani saa 15 na kurudi ni takribani saa 14. Viwanja ni vile vile viwili, ndege ni ya aina ile ile, na hakuna kituo njiani. Sasa ile saa moja imekwenda wapi? Mwenye kupenda hesabu huongeza swali la pili. Akitafuta kwenye simu yake anaambiwa kwamba kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy ni kilomita 11,840 hivi, na kwamba ndege kubwa za siku hizi huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Akigawanya, anapata saa 13 na dakika chache. Anaikagua tiketi mbele na nyuma, saa 13 haioni popote. Basi ama kilomita zimekosewa, ama mwendo umetiwa chumvi, ama shirika la ndege linamlia muda wake.

Hakuna kilichokosewa. Kilomita zile ni sahihi kabisa, ila zinajibu swali la mpima ardhi, wakati msafiri ameuliza jingine. Ndege haikanyagi ardhi. Inapita ndani ya hewa, na hewa hiyo inakwenda mbio zake yenyewe, imekatwakatwa na mipaka ya nchi, na huwa nzito au nyepesi kulingana na mahali ndege inaporukia. Hoja ya sura hii ni kwamba umbali wa kweli kati ya viwanja viwili vilivyo mbali sana hupimwa kwa saa, na kwamba saa hizo hupanda na kushuka kwa sababu ambazo mtu yeyote anaweza kuzielewa bila kusomea urubani. Njia ya Nairobi–New York inafaa sana kwa kazi hii. Kenya Airways waliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege ya Boeing 787-8, na karibu kila jambo linalorefusha au kufupisha safari ya anga linaonekana humo.

Kilomita 11,840 zinatoka wapi

Tuanze na namba yenyewe, maana hata hiyo si rahisi kama inavyoonekana. Ukifungua ramani ya ukutani na kuweka rula kati ya Nairobi na New York, mstari wako utapita Kamerun, Nijeria na Burkina Faso, utatokea kwenye pwani ya Mauritania na kuikata Atlantiki. Ndege ikifuata mstari huo ikiwa na pua upande ule ule wa dira tangu mwanzo hadi mwisho, itasafiri kama kilomita 12,190. Sasa iache ramani, chukua tufe la darasani na uzi. Bana ncha moja ya uzi Nairobi, nyingine New York, kisha ukaze. Uzi utapanda kaskazini kuliko ulivyotarajia: utapita Uganda upande wa Lira, Sudan Kusini, Chad, Jangwa la Sahara upande wa Algeria, na Moroko karibu na Marrakech. Utaendelea kupanda juu ya bahari hadi kusini mwa Newfoundland, kisha utashuka kidogo kuingia New York. Huo ndio mstari wa kilomita 11,840. Wataalamu wanauita duara kuu, kwa sababu ukiuendeleza kuizunguka dunia nzima utaikata katika nusu mbili zilizo sawa. Hakuna njia fupi kuliko hiyo juu ya uso wa tufe.

Tofauti ya kilomita 350 inatokana na ramani. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, kwa hiyo mchora ramani hulazimika kuvuta mahali fulani, na ramani nyingi za ukutani huvuta maeneo yaliyo mbali na ikweta. Ndiyo maana njia ya ndege kwenye kioo kilicho mbele ya kiti huonekana kama upinde, na abiria hudhani rubani anazunguka. Rubani amenyoosha, kilichopinda ni ramani.

Kuna mtego mwingine mdogo, wa vipimo. Umbali huo mmoja huandikwa kwa namna tatu, na tovuti nyingi hazikuambii zimetumia ipi:

- kilomita 11,840, kipimo tunachokitumia barabarani;
- maili 7,355, zile za Kimarekani na Kiingereza, kila moja ikiwa kilomita 1.609;
- maili za baharini 6,390, zinazotumiwa na marubani na manahodha, kila moja ikiwa kilomita 1.852.

Anayekuta 6,390 mahali fulani na 7,355 mahali pengine, asidhani kuna njia mbili. Ni ile ile moja.

Kilomita za ardhi na kilomita za hewa

Hapa ndipo ile saa moja ilipojificha. Mwendo wa kilomita 900 kwa saa ni mwendo wa ndege ndani ya hewa inayoizunguka. Hewa hiyo ikitulia, ndege itafunika kilomita 900 za ardhi kila saa. Ikiwa inakuja usoni kwa kilomita 100 kwa saa, ndege itafunika 800 tu, ingawa injini zinafanya kazi ile ile na abiria hahisi lolote. Ikiwa inasukuma kutoka nyuma kwa kasi hiyo hiyo, itafunika 1,000. Mabaharia wa mwambao wetu waliishi na jambo hili karne nyingi kabla ya ndege: jahazi la kutoka Maskati kuja Unguja lilingoja kaskazi, na la kurudi likangoja kusi, na mwezi wa kuondoka ulikuwa na maana kubwa kuliko idadi ya maili. Upepo unaopiga usoni waliuita wa mbisho, na jina hilo linafaa angani vile vile.

Tofauti ni kwamba upepo wa juu hauna msimu wa kugeuka kama kaskazi na kusi. Kati ya kilomita 9 na 12 juu ya ardhi, hasa katika latitudo za kati (latitudo ni kipimo cha umbali wa mahali kutoka ikweta, kaskazini au kusini), kuna mikondo myembamba ya upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki mwaka mzima. Huchochewa na tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha za dunia, kwa hiyo wakati wa baridi ya kaskazini tofauti inapokuwa kubwa, nayo hukaza. Kuna siku hupita kilomita 300 kwa saa. Mtu wa kwanza kuipima kwa makini alikuwa Mjapani, Wasaburo Oishi, aliyerusha maputo kutoka kituo chake cha Tateno miaka ya 1920. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1926 kwa Kiesperanto, akitumaini dunia nzima itayasoma. Karibu hakuna aliyeyasoma. Mwaka 1944 marubani wa Kimarekani waliotumwa kushambulia Japani kwa ndege za B-29 waliukuta upepo huo wenyewe, wakashangaa kuona mabomu yao yakipeperushwa mbali na shabaha.

Nguvu yake ilionekana wazi Februari 2020, dhoruba ilipoukaza mkondo wa Atlantiki. Ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6. Ilipimwa ikienda zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa juu ya bahari. Wengine walisema imepita mwendo wa sauti. Haikupita: ndani ya hewa iliyoibeba, ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kila siku.

Sasa turudi Nairobi. Sehemu ya kwanza ya njia, juu ya Uganda, Sudan Kusini na Chad, haina upepo mkali wa aina hiyo. Mkondo hukutana na ndege kaskazini mwa Sahara na kuisindikiza juu ya Atlantiki. Tuseme, kwa wastani wa njia nzima, upepo wa mbisho ni kilomita 40 tu kwa saa. Ndege inabaki na 860. Gawanya 11,840 kwa 860: saa 13 na dakika 46. Wakati wa kurudi, upepo ule ule ukiwa nyuma, ndege ina 940, na muda unakuwa saa 12 na dakika 36. Tofauti ni saa 1 na dakika 10, nayo imetokana na upepo ambao ungepita ardhini kwa nguvu hiyo tungefunga madirisha tukaendelea na kazi. Itazame hesabu hiyo kwa upande wa pili: anayekwenda New York amepasua karibu kilomita 12,390 za hewa, na anayerudi amepasua kama 11,340. Kwa ardhi, njia ni moja. Kwa hewa, wa kwanza amesafiri kilomita elfu moja zaidi.

Wapo wanaosema kwamba yote haya ni sawa, kwa kuwa kinachopotea wakati wa kwenda hurudishwa wakati wa kurudi. Hoja hii ina mvuto lakini hesabu inaikataa. Chukua upepo wa kilomita 100 kwa saa. Kwenda, kwa mwendo wa 800, ni saa 14 na dakika 48. Kurudi, kwa mwendo wa 1,000, ni saa 11 na dakika 50. Jumla ni saa 26 na dakika 38. Bila upepo wowote, kwenda na kurudi kungekuwa saa 26 na dakika 18 hivi. Dakika 20 zimepotea moja kwa moja. Sababu ni kwamba ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoichelewesha kuliko ndani ya ule unaoisaidia, kwa hiyo hasara ina nafasi kubwa kuliko faida. Upepo ukizidi, hasara nayo inazidi.

Kwa ufupi, hadi hapa: ramani bapa inadanganya kidogo kuhusu njia, kilomita za duara kuu ni za kweli, na upepo huamua kilomita hizo zitageuka kuwa saa ngapi.

Lakini dunia si inazunguka?

Pingamizi hili hutolewa kila mara, na linastahili jibu. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Kwenye ikweta mwendo wake ni karibu kilomita 1,670 kwa saa. Anayeruka kuelekea magharibi, watu husema, angepaswa kukaa tu angani na kuingoja New York ije. Kwa mantiki hiyo safari ya kwenda ndiyo ingekuwa fupi, tena fupi mno.

Kinachosahaulika ni kwamba hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege pia. Ikiwa bado imeegeshwa Nairobi, ndege tayari inakwenda mashariki kwa mwendo ule ule wa ardhi iliyo chini ya magurudumu yake, na ikipaa haupotezi. Kama hewa ingebaki nyuma, Nairobi ingepigwa na kimbunga cha kilomita 1,670 kwa saa usiku na mchana. Hata hivyo mzunguko wa dunia haukosi mchango katika jambo letu. Hewa ya joto inayopanda kwenye tropiki na kuelekea kaskazini hutoka na ule mwendo mkubwa wa ikweta na kuingia sehemu ambazo ardhi inakwenda polepole zaidi, hivyo huitangulia ardhi, na kutangulia huko ndiko upepo wa magharibi. Kwa hiyo dunia inazunguka, na kuzunguka kwake kunamchelewesha anayekwenda New York, kinyume kabisa cha walivyodhani wenye pingamizi.

Kiwanja kilicho juu, hewa iliyo nyepesi

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Ule wa John F. Kennedy uko karibu na maji, mita chache tu juu yake. Kwa abiria tofauti hiyo ni ya hali ya hewa. Kwa ndege ni ya uzito. Kwenye mwinuko wa Nairobi hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Mabawa hubebwa na hewa na injini hula hewa, kwa hiyo ndege lazima ikimbie kwa kasi zaidi kabla ya kuinuka, wakati injini zake zina nguvu pungufu. Jua likiwaka hewa hupanuka na hali huwa mbaya zaidi. Kwa safari nzito ya namna hii, kuondoka usiku wakati Nairobi imepoa kuna faida ya kweli. Njia ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na bado haimalizi tatizo.

Uzito wa juu kabisa ambao Boeing 787-8 inaruhusiwa kuruka nao ni karibu tani 228. Wakati njia ya New York ilipozinduliwa, shirika lilieleza kwamba kila safari ingehitaji tani 85 za mafuta, marubani 4 na wahudumu 12. Mafuta peke yake ni zaidi ya theluthi ya uzito wote. Kiwanja kikisema leo huwezi kuruka na tani 228, kitu lazima kishuke: ama mizigo, ama abiria, ama mafuta. Mafuta hayawezi kupunguzwa chini ya yale yanayohitajika, kwa hiyo hupungua viti na mizigo.

Msomaji makini atauliza: waundaji wenyewe si wanasema 787-8 inaweza kwenda kilomita 13,530? Mbona 11,840 ziwe taabu? Kwanza, namba ya waundaji huhesabiwa kwa hewa tulivu na mzigo maalumu, na tumeona kwamba kwa hewa ya kweli anayekwenda magharibi anapasua zaidi ya kilomita 12,000. Pili, sheria za usalama zinataka ndege ifike ikiwa bado na mafuta ya kuzunguka angani na ya kukimbilia kiwanja kingine ikiwa New York imefungwa na theluji. Ukivijumlisha hivyo, ile ziada iliyoonekana kubwa kwenye karatasi imekwisha.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko kwa jirani. Uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopian Airlines ziendazo Washington zimekuwa zikitua njiani kujaza mafuta, kwa nyakati tofauti Dublin au Lomé, wakati zile zitokazo Washington kwenda Addis Ababa huja moja kwa moja. Njia ni moja na ndege ni zile zile, lakini upande mmoja una kituo na mwingine hauna. Sababu ni mbili na zote tumekwisha kuziona: upepo unaopiga usoni, na kiwanja kilicho juu. Atakayetaka kushikilia kwamba kilomita ndizo zinazoamua muda wa safari, aanze kwa kutueleza hilo.

Mipaka ya angani

Uzi wetu juu ya tufe ulipita nchi bila kuomba ruhusa. Ndege haiwezi. Kila nchi ina mamlaka juu ya anga yake, hutoza ada ya kupita na inaweza kuifunga. Vita vilipozuka Sudan katikati ya Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria. Miezi michache baadaye, baada ya mapinduzi ya Niger, watawala wapya walifunga anga yao kuanzia tarehe 6 Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba 2023. Mstari mfupi kabisa kutoka Nairobi hadi New York hugusa pembe za nchi zote mbili. Kipindi hicho uzi wa kwenye tufe haukuwa na maana kwa mpanga safari. Alilazimika kuukwepesha, na kila ukwepaji ni dakika na mafuta.

Mfano mkubwa zaidi uko mbali na kwetu. Kutoka Helsinki hadi uwanja wa Narita, Tokyo, ni kilomita 7,800 hivi, na Finnair ilizimaliza kwa takribani saa 9 na nusu ikipita juu ya Urusi. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, Ulaya na Urusi zikafungiana anga, na safari hiyo ikawa ya takribani saa 13, mara nyingine kwa kupita karibu na Ncha ya Kaskazini. Hakuna kiwanja kilichohama. Tovuti za umbali ziliendelea kuonyesha namba ile ile, na abiria aliyezitegemea alikosea kwa zaidi ya saa 3.

Saa za tiketi ni saa za namna gani

Muda ulioandikwa kwenye ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho yake na huisha inapoegeshwa kiwanja cha pili. Ndani yake kuna kutambaa hadi njia ya kurukia, kungoja zamu, kupaa taratibu kwa sababu ya uzito, kukwepa mawingu, na kuzunguka New York wakati ndege kumi nyingine nazo zinataka kushuka. Ongeza hayo juu ya saa 13 na dakika 46 tulizozipata na utaikaribia 15. Mashirika pia huweka dakika za akiba ili yasionekane yamechelewa. Wanaolalamika kwamba ratiba imenenepeshwa hawajakosea, ila mimi naona akiba hiyo ina faida kwa anayebadili ndege mbele ya safari, kwa sababu ratiba isiyo na dakika za akiba ndiyo inayomwacha mtu uwanjani.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni saa za mahali. Tiketi huandika saa ya kila mji kwa wakati wa mji huo, tena kwa mfumo wa saa 24. Tuseme unaondoka Nairobi 23:25, yaani saa 5:25 usiku, na kufika New York 06:25, yaani saa 12:25 asubuhi. Ukitoa moja kwenye nyingine unapata saa 7, na mtu anaweza kudhani amepata ndege ya maajabu. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa kiangazi chao. 7 na 8 ni 15. Wakati wa kurudi mambo yanageuka. Ukiondoka 12:25 mchana na kusafiri saa 14, utafika Nairobi 10:25 ya siku ya pili, na saa ya ukutani itadai umesafiri saa 22. Dawa ni kutafuta mahali palipoandikwa muda wa safari, ambao kila tiketi ya kisasa inao, na kuacha kutoa saa kwa kichwa.

Kwa nini basi wasiongeze mwendo? Ndege ya Concorde iliweza: kati ya 1977 na 2003 ilivuka kutoka London hadi New York kwa takribani saa 3 na nusu. Lakini ilikula mafuta kupita kiasi, ilibeba watu wachache, na tangi zake zisingeifikisha New York kutoka Nairobi. Kadiri ndege inavyokaribia mwendo wa sauti, hewa huipinga kwa nguvu inayopanda haraka mno, kwa hiyo mashirika yamekaa kwenye kilomita 900 hivi, mwendo usiotofautiana sana na wa ndege za miaka ya 1960.

Mahali ambapo kilomita zina kazi

Haitakuwa haki kumaliza bila kuzipa kilomita sifa yao. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, inayomlinda abiria ambaye ndege yake imefutwa au imechelewa mno, hupanga fidia kwa umbali wa duara kuu: euro 250 kwa safari zisizozidi kilomita 1,500, euro 400 hadi kilomita 3,500, na euro 600 kwa safari ndefu kuliko hapo kati ya Ulaya na nje. Hapo upepo hauhusiki, na ni vizuri usihusike, kwa kuwa mahakama inahitaji namba isiyobadilika. Kilomita pia zinafaa kwa kulinganisha njia kabla hujaanza kuhesabu saa. Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda New York, ambako hakuna ndege ya moja kwa moja, ana mfano mzuri mbele yake. Kupitia Nairobi ni karibu kilomita 12,505. Kupitia Amsterdam ni karibu 13,195. Kupitia Doha ni karibu 14,590, kwa kuwa anaanza kwa kwenda kaskazini mashariki ilhali New York iko kaskazini magharibi. Mstari mnyoofu wa Dar es Salaam–New York ni kama kilomita 12,440, kwa hiyo Nairobi iko karibu kabisa na njia na Doha iko pembeni.

Hata hivyo, usikimbilie kuhitimisha. Kilomita 2,000 za ziada kupitia Doha ni kama saa 2 na robo angani. Kungoja kubaya kwa kubadili ndege, hata Nairobi, kunaweza kula saa 8. Njia fupi kwa kilomita inaweza kuwa ndefu kwa saa, na bei nayo ina maneno yake. Kwa hiyo unapokata tiketi, muulize wakala muda wote kuanzia kuondoka Dar es Salaam hadi kuegeshwa New York, kwa tarehe yako hasa, kwenda na kurudi kando kando. Hakikisha safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja, kwa sababu ukinunua mbili tofauti na ya kwanza ikachelewa, ya pili ni hasara yako. Na kama utasafiri karibu na Jumapili ya pili ya Machi au Jumapili ya kwanza ya Novemba, angalia upya saa ya kufika kabla hujamtuma mtu kukupokea: Marekani hubadili saa zake siku hizo, na Afrika Mashariki haibadili.